Kabla Hujashika Panga: Miti Miwili ya Mzee Wetu

 

Mwezi huu maneno mengi kwenye foleni ya maji yamekuwa juu ya ile miti mikubwa. Kiangazi kimekaza, tawi moja limeanguka, na wazazi wana hofu. Wengine wanasema tukate yote, tupate kuni na nafasi ya kufunga mbuzi na punda. Wengine wanasema isiguswe kabisa. Sisi ni watu wa familia chache tuliofika Uganda kutoka Kenya mwaka 2008. Hatukuja kushindana na mtu. Tunataka tu kuwaambia tulichomfanyia mzee mmoja kule kati ya Busia na Tororo, maana tulikosea tukiwa tunajua, na kosa la namna hiyo ndilo linalouma.

Kabla ya kukimbia, baadhi yetu tulikuwa tumefanya kazi kwenye mashamba ya farasi upande wa Naivasha na Laikipia. Huko ni pakavu, mvua ni ya kubahatisha, na farasi hawezi kusimama juani siku nzima bila kivuli. Kwa hiyo mwenye shamba aliitunza miti yake karibu sawa na farasi wenyewe. Kazi yetu ilikuwa hiyo: kupanda migunga kwa kamba, kutoa matawi makavu yaliyoning'inia juu ya zizi, na kuzungushia shina uzio wa mbao ili farasi asilifikie kwa meno. Maana farasi, na punda ndugu yake, akikosa majani au akichoka kusimama bure, huanza kutafuna gome. Tena kwato zake hushindilia udongo juu ya mizizi mpaka maji hayaingii. Tulifundishwa kwamba mti wa nchi kavu huanza kufa chini, na juu utakuja kujua baadaye.

Sasa, uchaguzi wa Kenya ulikuwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na moto ukaanza. Mwanzoni mwa Januari 2008 maelfu ya watu walivuka, wengine Malaba, wengine Busia. Sisi tulipita Busia, wengine kwa miguu, wengine juu ya bodaboda. Neno lenyewe lilizaliwa huko huko mpakani, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Siku ile hakuna aliyefikiria mambo ya majina. Tulikuwa tunahesabu watoto tu.

Tulitembea kuelekea Tororo mpaka mzee mmoja akatuita nyumbani kwake. Alikuwa na maksai wawili wa kulima na punda wawili wa kubeba maji na kupeleka mahindi sokoni. Farasi hatukuona hata mmoja. Ukanda ule wa Busia, Tororo na Busoga una mbung'o, na mbung'o huleta nagana, ugonjwa unaomaliza farasi upesi. Punda huvumilia zaidi, ingawa naye huugua. Ndugu wa ugonjwa huo kwa binadamu ni malale, ule ulioua watu wengi sana Busoga na kando ya Ziwa Victoria kati ya 1900 na 1920.

Uani kwa Mzee kulikuwa na miti miwili ya kuheshimiwa. Mmoja ni mvule mkubwa sana. Mvule hukua polepole na mbao zake zina bei, ndiyo maana mikubwa imebaki michache. Wa pili ni mwembe alioupanda marehemu mke wake. Mzee hakutuuliza kabila. Alituonyesha chini ya mvule akasema, "Wanangu, laleni hapa. Mti huu umelaza wageni wengi."

Tulikuwa familia sita. Kupika kunataka kuni, na kuokota mbali tuliogopa. Siku ya nne tukapanda mvule na panga, tukakata tawi moja nene kutoka juu tu, haraka haraka. Aliyefanya kazi ile anajua kinachofuata. Lilipofika nusu likaanguka kwa uzito wake, likabandua gome la shina kama mtu anavyomenya ndizi, urefu wa mtu mzima. Likatua pale pale watoto walipokuwa wakilala mchana. Bahati yetu walikuwa wameitwa uji.

Halafu punda. Usiku walikuwa wanatusumbua tulipolala, basi tukawahamishia kwenye mwembe kwa kamba fupi. Ilikuwa kiangazi, majani hakuna. Baada ya wiki mbili tukakuta kamba imesugua na meno yametafuna, gome limeisha mzunguko mzima wa shina, mti mweupe kama mfupa.

Mzee alisimama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nyinyi si mlisema kazi yenu ni miti?"

Tukajibu, "Ndiyo, Mzee."

"Basi mlijua." Akaingia ndani. Angetutukana ingekuwa afadhali.

Kijana wake mkubwa alitaka tuondoke siku hiyo hiyo, na hatukuwa na pa kwenda. Ni akina mama wetu waliosema: kama kweli mnajua hiyo kazi, ifanyeni sasa, tuone.

Tukaazima msumeno kwa fundi seremala na kamba ya kisimani. Kwanza tuliuliza Mzee ni matawi gani anayaogopa. Yalikuwa matatu, yamekauka, yote juu ya nyumba. Mmoja akakaa chini, kazi yake kuzuia watoto na kutazama juu, hakuna kingine. Kila tawi tukalikata mara tatu. Mkato wa kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 mbali na shina, usifike nusu. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchuna gome. Wa tatu ndio wa kumaliza kile kigutu kilichobaki, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Mahali tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe, kama mkunjo wa shingo. Unakata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata wenyewe umefungua mlango wa kuoza. Ukiacha kigutu kirefu, nacho kitaoza na kuingiza ubovu ndani.

Mti hauponi kama ngozi yetu. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi kwa msumeno kutazama ndani, akaonyesha kwamba mti huzungushia kidonda ukuta, halafu unaota mbao mpya pembeni. Kidonda kinabaki humo humo, kimefungiwa. Ndiyo maana kupaka rangi au lami juu ya mkato, kama tulivyozoea zamani, hakusaidii. Kinachosaidia ni mkato safi mahali panapofaa.

Chini ya mvule, upande wa kijito, tulifyeka lantana. Mbung'o wa kule hupenda vichaka vya karibu na maji na nyumba, na lantana yenyewe ni sumu kwa ng'ombe. Kivuli tukakiacha.

Kwa mwembe tulijaribu kufunga udongo mbichi na majani ya mgomba. Tulijua ni kujifariji. Chakula cha mizizi hushuka kutoka kwenye majani kwa kupitia upande wa ndani wa gome. Ukibaki ukanda mzima wa gome, mti unaweza kuishi. Likiisha mzunguko wote, mizizi inakufa njaa, hata kama majani yatakaa kijani miezi kadhaa na kukudanganya.

Baadaye tulipelekwa kambi ya muda ya Mulanda, huko huko Tororo, na ndani ya mwaka huo tukaja Kiryandongo. Siku ya kuondoka Mzee alitupa debe la mtama. Hakusema ametusamehe, na sisi hatukuuliza.

Mwaka 2016 wawili kati yetu walipita kule tena. Mzee alikuwa ameshafariki. Kijana wake aliwapokea vizuri, akawapa viti chini ya mvule. Mwembe ulikauka mwaka ule ule wa 2008, mvua zilipokuwa zinanyesha vizuri. Mahali pake amepanda mwingine, na shina amelizungushia miti ya uzio. Punda wanafungwa kwenye nguzo. Kwenye mvule, ile mikato mitatu ya msumeno imejifunga kama mdomo. Lakini pale tulipochuna kwa panga pana shimo, na nyuki wameingia. Kijana akasema, "Asali tunauza. Ila upepo mkubwa ukija, tunawatoa watoto ndani ya nyumba hii."

Hilo ndilo tulilomwachia. Panga la dakika kumi, na miaka minane baadaye watoto wa mwenzetu wanatolewa ndani usiku.

Sasa turudi kwetu. Ardhi hii zamani ilikuwa ya ranchi, ndiyo maana hadi leo tunaitana watu wa Ranchi 1 na Ranchi 37. Kivuli tulichokikuta hatukukipanda. Jirani zetu kutoka Sudan wanajua punda kutushinda, watusahihishe tukikosea. Tunaomba haya:

1. Tawi kavu lililo juu ya watu litolewe, lakini kwa ruhusa ya ofisi, kwa msumeno na kamba, na mtu wa kulinda chini. Kama shina lenyewe lina shimo au mti umeanza kuinama, hapo tuzungumze habari ya kuuangusha.

2. Mti mbichi usipunguzwe zaidi ya robo ya matawi yake kwa mara moja. Ukiunyoa wote unaunyima chakula, na machipukizi yanayorudi hushika vibaya.

3. Mnyama afungwe kwenye nguzo, si kwenye shina. Kama kivuli ni cha lazima, zungusheni uzio.

4. Mti mchanga umwagiwe maji mengi mara moja kwa wiki, polepole, yashuke chini, kuliko kikombe kila siku. Wekeni majani makavu juu ya udongo, unene wa vidole vinne hivi, lakini yasiguse shina. Samadi mbichi isirundikwe pale.

5. Majani ya mparachichi msiwape punda wala mbuzi. Yanawadhuru.

Sisi tuko. Tuna msumeno mmoja na kamba mbili, na hatutaki malipo. Tuiteni kabla ya panga kupanda, si baada.



Ni sisi wenzenu, tuliopita Busia.