Haja Ndogo Chini ya Maji Baridi

Tafsida ni pambo la lugha. Hakuna Mswahili aliyelelewa vyema atakayetamka mbele ya wakweze kwamba anakwenda kukojoa. Ataomba udhuru, atasema anakwenda msalani, nao watamwelewa na kumpisha. Hata hivyo, kuna mahali ambapo tafsida humwacha mtu bila msaada, napo ni ndani ya vazi kavu la mpiga mbizi, mita thelathini na ushei chini ya bahari ya kaskazini, ambako hakuna msala wala wa kuombwa udhuru.

Chukua mfano wa Scapa Flow, ghuba iliyoko katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Tarehe 21 Juni 1919, mabaharia wa Ujerumani walizizamisha humo manowari zao wenyewe. Kati ya 74 zilizokuwa zimezuiliwa pale, 52 zilizama. Nyingi ziliopolewa baadaye, lakini saba kubwa zingali sakafuni, nyingine kwenye kina cha mita 45 hivi, na wapiga mbizi huzifuata kama mahujaji. Maji yake ni baridi hata wakati wa kiangazi. Katika bahari ya Watamu au Kisite, mpiga mbizi huvaa vazi jembamba la mpira linaloruhusu maji kupenya, na akibanwa hujiachilia tu, bahari ikamsitiri. Scapa Flow hudai vazi lisilopitisha hata tone. Zipu yake haivuji, shingo na vifundo vya mikono hubanwa kwa mpira, na ndani mna nguo nzito na hewa ya kuhifadhi joto. Kinachomwagika humo hubaki humo, na nguo ikilowa, baridi huingia.

Kinaya ni kwamba maji hayohayo ndiyo huleta haja. Mtu atumbukiapo hadi shingoni, hata kama hajazama, maji humkandamiza miguu na tumbo na kuisukuma damu kuelekea kifuani. Wanafiziolojia wameikadiria damu hiyo kuwa kama mililita 700. Moyo, ukijihisi umejaa kuliko desturi, hudhani mwili una maji ya ziada. Basi hutoa homoni ya kuzihimiza figo zichuje zaidi, nao ubongo hupunguza ile homoni ambayo kwa kawaida huzizuia figo zisiyapoteze maji. Baridi nayo hubana mishipa ya ngozini na kuiongeza damu ileile ya kifuani. Mwili hudanganyika, kibofu kikajaa, ilhali mwenyewe alikwenda haja dakika chache kabla ya kuruka kutoka chomboni.

Hapa ndipo aibu inapogeuka hatari. Wapo wanaojinyima maji tangu alfajiri ili wasije wakaumbuka. Wataalamu wa tiba ya kuzamia huuhesabu upungufu wa maji mwilini miongoni mwa mambo yanayoweza kuongeza uwezekano wa ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya naitrojeni vinavyojitokeza katika damu na tishu mtu apandapo. Isitoshe, aliyekaa sana kinani hawezi kuibuka kwa ghafla. Hana budi kutua mita chache chini ya uso wa maji, pengine kwa nusu saa nzima, akingoja gesi imtoke polepole. Aliyebanwa na haja hushawishika kuzipunguza dakika hizo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu huenda akapooza.

Suluhisho la wengi ni nepi za watu wazima, nazo hufaa kwa mbizi fupi. Kwa mbizi ndefu kuna vali ya mkojo. Mwanamume huvaa kifuko cha mpira mfano wa kondomu, chenye gundi ndani na tundu mwishoni, sawa na kile wanachovishwa hospitalini wagonjwa wasioweza kuuzuia mkojo. Mrija huunganisha kifuko hicho na vali iliyopachikwa pajani mwa vazi, mkojo ukatokea baharini. Jambo hili ni jepesi kusimulia kuliko kulitenda. Mrija ukiwa na hewa tupu, shinikizo huikandamiza hewa hiyo kadiri mtu anavyoshuka, kifuko kikamfyonza pasipotakikana kufyonzwa. Ndiyo maana wenye vali sahili hushauriwa kutoa mkojo kidogo mapema, ili mrija ujae kimiminika, kwani kimiminika hakikandamiziki kama hewa. Vali bora zaidi husawazisha shinikizo la mrija na la ndani ya vazi. Mrija ukijikunja, mkojo hukosa njia. Gundi ikibanduka, mtu huoga ndani ya nguo zake.

Usafi nao si wa kupuuzwa. Daktari Richard Harris wa Australia, aliyekuja kujulikana kote duniani mwaka 2018 kwa kuwaokoa vijana katika pango la Tham Luang nchini Thailand, alikuwa ameandika mwaka 2009 kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo na majeraha ya shinikizo yaliyowapata watumiaji wa vali hizi. Mrija usiooshwa kwa dawa baada ya kila mbizi ni makao ya bakteria.

Wanaokejeli na wakumbuke kwamba Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, aliketi kwa saa kadhaa juu ya roketi tarehe 5 Mei 1961 akingoja safari ya dakika 15. Kwa ufupi wa safari hiyo, hakuna aliyekuwa amefikiria haja yake. Hatimaye aliruhusiwa kujilowesha.

Mwanamke ndiye aliyesahauliwa zaidi. Kifuko cha kiume hakimfai kwa maumbile, na kikombe laini cha kumfaa, kinachoshikizwa mwilini kwa gundi ya kitabibu na kuunganishwa na vali ileile, kilichelewa sana kufika sokoni. Kabla yake, aliambiwa avae nepi au asinywe maji. Shauri hilo la pili bado husikika chomboni, likitolewa kwa sauti ya chini, na kwa tafsida.