Mita 300

Ukisoma habari za mitumbwi ya Ziwa Victoria, mara nyingi utasoma habari za samaki, za ajali, au za doria. Ni nadra kukuta mtu ameandika kuhusu vile vidude ambavyo nahodha huvifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuvining'iniza shingoni. Mimi ni fundi wa simu na redio Biharamulo mjini, vidude ndivyo ninavyovijua. Mwaka 2021 nilipewa kazi ya kubadilisha kimoja. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa mbili, lakini ilinichukua siku tatu, na tangu hapo nimekuwa nikiifikiria kila ninaposikia watu wakisema kitu cha zamani "kimepitwa na wakati".

Mjomba wangu ana mtumbwi wa tanga kwenye mwalo mmoja karibu na Nyamirembe. Zamani huko kulihesabiwa Biharamulo. Leo ni Chato, na tangu 2012 ni Mkoa wa Geita, ila ukimuuliza mjomba kwao ni wapi bado atakujibu Biharamulo. Injini anayo. Mafuta ndiyo shida, kwa hiyo injini ni ya dharura na tanga ndilo la kazi. Usiku upepo wa nchi kavu unamsukuma nje, mchana upepo wa ziwa unamrudisha. Baba yake alisafiri hivyo hivyo. Alichoongeza mjomba ni GPS ya mkononi, ya kijivu, kioo chake hakina rangi, inakula betri mbili ndogo.

Anaihitaji kwa mambo mawili. Kwanza nyavu: ukitega usiku mahali ambapo hakuna nchi inayoonekana, asubuhi lazima ujue pa kurudi, tena kabla mwizi hajajua. Pili Rubondo. Kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na kuvua ndani ya mpaka wake ni marufuku. Mpaka wa majini hauna ukuta wala bango. Ukiuvuka gizani na nyavu zako, kesho utamweleza nani kwamba hukuona?

Hiyo GPS ilitoka Ngara, kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo wakikimbia mauaji Rwanda, na Benaco, mahali ambapo wengi wetu tulipajua kama sehemu ya kupita tu, pakawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Mji unahitaji visima, barabara, vyoo, na vyote hivyo vinahitaji vipimo. Wakaja watu wa kupima wakiwa na mashine ambazo hatukuwahi kuziona. Miaka ikapita, kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, vitu vikauzwa. Mjomba alikuja kutusalimia Ngara, akarudi ziwani na GPS aliyoinunua kwa mtu aliyewahi kufanya kazi za upimaji. Wenzake mwaloni walimcheka wiki nzima. Baadaye wakawa wanamfuata kwa nyuma.

Kifaa cha elektroniki hakizeeki kama mtumbwi. Mtumbwi unaona ubao unaanza kuoza, unautoa, unaweka mwingine, unaziba kwa pamba, maisha yanaendelea. Mtumbwi wa mjomba sidhani kama una ubao hata mmoja wa siku ya kwanza. GPS haikupi nafasi hiyo. Raba ya kuzuia maji inakakamaa, unyevu unaingia, vyuma vya betri vinaota kutu ya kijani, kioo kinaanza kuwa cheusi kutoka pembeni kwenda katikati. Spea hakuna. Nilishaisafisha mara nne au tano, na kila mara nilijua naahirisha tu.

Halafu kulikuwa na suala la tarehe. Mjomba aliniletea siku ya Jumamosi, 18 Septemba 2021. Nilipoiwasha ikakaa muda, ikapata setilaiti, ikaonyesha mahali sahihi kabisa, na juu yake ikaandika kwamba leo ni Jumamosi, 2 Februari 2002.

Hilo lina sababu. Setilaiti za GPS hutangaza wakati kwa kuhesabu wiki, na katika mfumo wa zamani hesabu hiyo ina nafasi ya wiki 1,024 tu. Ikijaa inarudi sifuri. Ilianza Januari 1980, ikajaa Agosti 1999, ikajaa tena tarehe 6 Aprili 2019. Mashine zilizotengenezwa vizuri au zilizopewa programu mpya zilijua la kufanya. Baadhi ya wazee walirudi nyuma siku 7,168 bila kujua. Na kwa kuwa hizo ni wiki kamili, siku haikosewi: Jumamosi inabaki Jumamosi. Ndiyo maana mjomba hakuwa na habari. Yeye huangalia siku, kwa sababu ya soko. Mwaka anaujua mwenyewe.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba ambaye ndiye anayeuchukua mtumbwi sasa, aliona jambo hilo kama ushahidi wa mwisho. "Kaka, kidude hiki hakijui hata mwaka, nitakiaminije usiku?" Yeye alitaka simu. Tena alikuwa ameshaanza: rafiki yake mmoja alimsaidia kuingiza alama zote za mjomba kwenye programu ya ramani.

Sikumpinga kuhusu simu. Watu wengi mwaloni wanadhani GPS ya simu inahitaji mtandao au bando. Haihitaji, simu inasikiliza setilaiti zenyewe, na ukiwa umepakua ramani mapema utaona ulipo hata mnara uwe mbali. Tatizo la simu ni jingine: chaji, kioo kisichoelewa kidole chenye maji, na mwanga unaokupofusha gizani. Tulikubaliana wawe na vyote viwili, simu na GPS mpya ya mkononi. Lakini niliuliza: alama zilitoka wapi? Akasema kwenye daftari la mzee.

Daftari hilo nililijua. Ni la kaunta, limefungwa kwenye nailoni, na ndani yake kuna safu za namba kwa kalamu ya bluu. Mashine iliwahi kuzimika ikapoteza kumbukumbu, na tangu hapo mjomba akawa anaandika kila kitu. Kwenye mashine, jina la alama halizidi herufi sita, kwa hiyo hata daftarini majina yalibaki mafupi: GATI, JIWE2, MPAKA1, MPAKA2, SATO, TULIA. Mtu asiyemjua angeona orodha tu. Mimi nilisikia sauti yake. TULIA ni pale alipojificha upepo siku mbili. JIWE2 ni jiwe lililompasulia mtumbwi, JIWE1 lilimkosa.

Kilichonishtua ni namba zenyewe. Hazikuwa nyuzi na dakika, zilikuwa mita, kwa mtindo wa wapima ardhi. Nikafungua mipangilio ya mashine ya zamani. Kanda ya 36 kusini, sawa. Chini yake: Arc 1960.

Naomba uvumilivu hapa, maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Namba ya mahali si kitu chenye kujitegemea. Ni umbali kutoka kwenye mfano fulani wa dunia ambao watu wamekubaliana. Satelaiti na simu zetu hutumia mfano unaoitwa WGS 84. Ramani za Tanzania zilizochorwa enzi za zamani zilitumia Arc 1960, ambao jina lake limetokana na kazi ndefu ya kupima mstari wa nyuzi 30 mashariki kutoka kusini mwa Afrika hadi kaskazini, mstari unaopita si mbali magharibi ya Ngara. Mifano yote miwili ni ya kweli, kila mmoja kwa mwenyewe. Lakini chukua namba za Arc 1960, ziandike kwenye simu kana kwamba ni za WGS 84, na kila alama itahama mita 300 hivi kaskazini, na kidogo magharibi.

Tulikwenda kupima. Mjomba, binamu na mimi tukasimama kwenye gati, palepale mjomba alipochukua alama ya GATI. Mashine ya zamani ikasema tumefika. Simu ikasema GATI iko mbele, mita 300 na ushee, kaskazini.

Binamu akacheka kwanza. Kisha akanyamaza, kwa sababu aliwaza nilichokuwa nawaza. Rubondo iko upande wa kaskazini wa wanakovua. MPAKA1 na MPAKA2, alama ambazo mjomba aliziweka ili asivuke, kwenye simu zilikuwa zimesogea kuelekea hifadhi. Angezifuata kwa uaminifu, angekuwa ndani.

Tukaanza upya. Alama zilizokuwa kwenye mashine niliziandika baada ya kubadili mipangilio, maana yenyewe inajua kujitafsiri. Za daftarini tuliziingiza kwenye GPS mpya ikiwa imewekwa Arc 1960, kisha tukairudisha WGS 84, ndipo tukazihamishia kwenye simu. Mjomba macho yamemchosha, hivyo mimi nilisoma, binamu akabonyeza, mjomba akahakiki kwa kumbukumbu. Nikafika kwenye neno MDOGO.

Mjomba akasema, "Hiyo isome polepole, mjomba."

Ni mahali ulipokutwa mtumbwi wa mdogo wake, kifudifudi. Mwenyewe hakuonekana. Mjomba hategi nyavu pale, anapita tu, anashusha tanga, kisha anaendelea. Ziwa hili limepokea watu wengi wasio na alama. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta maiti kutoka juu hadi ziwani, na wavuvi wa umri wa mjomba wanakumbuka miezi ambayo watu hawakutaka hata kusikia neno samaki. Kwa hiyo kuwa na namba mbili za kumwonyesha mahali, mbili tu, kwake si jambo dogo. Binamu, ambaye asubuhi ile alikuwa na haraka, aliirudia ile namba mara tatu kabla ya kubonyeza.

Nimesoma makala nyingi hapa kuhusu tafsiri, nini hupotea na nini hubaki. Mimi si mtu wa fasihi kwa kazi, lakini nadhani siku ile nilikuwa natafsiri. Namba zote zilikuwa sahihi. Rafiki wa binamu hakukosea hata tarakimu moja. Alichokosa ni ule mstari mmoja unaosema zimepimwa kutoka wapi, na mstari huo haukuwa daftarini kwa sababu aliyeandika hakuwahi kuuhitaji. Ulikuwa ndani ya kifaa kinachoamini kwamba ni mwaka 2002.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika kwa herufi kubwa: NAMBA HIZI NI ARC 1960, KANDA 36 KUSINI. Binamu akanunua daftari jingine, akaandika WGS 84 juu yake kabla ya kuandika chochote. Safari hii hakuna anayembana kwa herufi sita, lakini nimeona anaandika mafupi vilevile. MDOGO iko ya kwanza kwenye orodha.