Mkeka Upi?

Kwetu Kasongo kitu cha mti hakikai sana. Kinu kinaliwa na mchwa, matete yanaoza kwa mvua. Chungu kinaweza kungoja ndani ya udongo, lakini mkeka hauwezi. Ndiyo maana vitu vingi vya wazee wetu, vya mti, vya matete na vya mfupa, leo viko katika makumbusho ya mbali, hasa kule Tervuren, Ubelgiji.

Mwezi wa pili 2022, Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu karibu 84,000. Tulifurahi. Halafu sisi walimu wachache tukajiuliza: je, hiyo orodha inajua kitu au inajua namba yake tu? Fishi ikiandika «sura ya mti, Maniema», imesema nini?

Tukamwendea mzee mmoja wa Kirega na picha ya lukwakongo, ile sura ndogo ya mti yenye ndevu za nyuzi. Akacheka.

– Wanangu, hii si ya kuvaa usoni tu. Tunaishika mkononi, tunaifunga kwenye mkono, tunaitundika kwenye ua, hata tunaiburuta chini. Na kila namna ina maneno yake.

Maneno hayo yalikuwa mafundisho ya bwami, na bwami serikali ya ukoloni iliipiga marufuku mwaka 1948. Kitu kilisafiri, maneno yakabaki kwa wazee, na wazee wanakwisha. Ndevu zikidondoka ndani ya sanduku, fishi itasema «mti» basi.

Kuna kosa lingine: mfupa kuitwa pembe ya ndovu. Tazama vizuri: mfupa una vitundu vidogo vidogo ambamo damu ilipita, pembe haina, ina mistari inayokatana. Na wekundu ulio juu yake si uchafu wa kusugua. Ni mafuta na ngula, mikono ya watu waliotutangulia.

Basi tukafungua daftari letu wenyewe. Mwenzetu mmoja akaanza nyumbani kwao, akaandika: «mkeka, matete». Mama yake akamwuliza:

– Umeandika mkeka upi? Kuna wa kulalia, kuna wa kuanikia mpunga, kuna wa kuzikia maiti. Utalaza mgeni juu ya ule wa maiti?

Tuliona haya. Sisi tuliosoma tulifanya kosa lile lile tulilowalaumia Wazungu. Tangu siku ile kila ukurasa una maswali: jina lake kwa Kizimba, kwa Kikusu, kwa Kibangubangu ni lipi? Nani alikitengeneza? Kwa kazi gani? Nani hana ruhusa ya kukigusa?

Mama yule hayupo tena. Alizikwa na mkeka aliotufundisha jina lake, na jina liko katika daftari. Vitu vya Tervuren vikirudi siku moja, vitahitaji watu wa kuvitambua. Basi wewe unayesoma, mwulize mama yako leo.