Mnara Unyamaze Kidogo

Mpwa wangu Zuhura,



Unasema mmefunga vituo vidogo vya simu kwenye lile jengo, mnara mkubwa uko mtaa wa pili, na sasa kuna wateja ambao alama za mtandao kwenye simu zao zimejaa lakini video hazifunguki. Mkuu wako anataka mpandishe nguvu ya vituo hivyo. Mkatalie, kwa adabu.

Mnara wa 4G kwa kawaida hurusha wati 40 hivi. Kituo kidogo cha nje hurusha wati 1, cha ndani sehemu ya kumi ya wati. Vyote vinatumia masafa yale yale, na kinachoamua kasi ni mawimbi ya kituo chako yakipimwa dhidi ya makelele ya vituo vingine. Mkipandisha nguvu mtamuumiza jirani, naye atapandisha yake.

Anza na miguu. Panda ghorofani na simu ya kupimia. Kituo kilichofungwa karibu na dirisha kinamwaga mawimbi barabarani. Kisogezeni ndani, ukuta wa zege utawafanyia kazi bure.

Kisha uliza kama vifaa vyenu vina ule mpango ulioingia katika toleo la 10 la viwango vya 3GPP, wale wanaopanga viwango vya mitandao ya simu, mwaka 2011. Fremu ya 4G ni ya milisekunde 10, imekatwa vipande 10. Katika mpango huo, mnara huacha baadhi ya vipande bila data, ukibakiza ishara chache za lazima, na hapo kituo kidogo huwahudumia watu wake wa pembezoni. Mnara na kituo hupeana ratiba kupitia X2, kiungo kinachoviunganisha. Mnara unapoteza muda, ndiyo, lakini vituo vidogo vyote vilivyo chini yake huutumia muda huohuo kwa pamoja. Kwangu mimi hakuna ubunifu wa 4G unaoushinda huu.

Shida yake ni saa. Zisipolingana, mnara utanyamaza wakati usiofaa. Kwenye mitandao ya TDD, inayotuma na kupokea kwa zamu, ikiwemo mingi ya 5G, vituo jirani visipishane zaidi ya mikrosekunde 3, la sivyo kimoja kitatuma wakati mwenzake anasikiliza. Na antena ya GPS inayovipa vituo saa haioni anga ikiwa imefichwa darini. Mafundi hulisahau hili kila mara. Ipelekeni juu ya paa.

Msibadilishe chochote kabla hujanitumia vipimo vya kila ghorofa, vya mchana na vya usiku.

Mjomba wako