Sarufi Iliyotufundisha Kusali



Wapendwa wanaparokia, wakati wa likizo alitujia kijana wa kigango kimoja upande wa Handeni, anayesoma sekondari Korogwe. Mkononi alikuwa na kitabu kikuukuu cha tamthilia ya Shakespeare. Baada ya shikamoo akatuambia: "Padre, naacha fasihi. Kurasa mbili tu zimenionyesha kwamba sina akili." Maneno hayo yalituchoma. Nasi seminarini tuliikariri mistari ya namna hiyo kwa hofu ya mwalimu, tusielewe kitu, tukanyamaza kwa aibu. Kijana huyu walau alisema ukweli.

Tukaketi naye barazani, tukamwomba auhesabu mstari kwa vidole. Akapata silabi kumi. Kisha tukapiga meza kama atwangaye kinuni: mchi ukipanda, silabi nyepesi, mchi ukishuka, silabi nzito, mara tano kwa mstari. Hapo ndipo sikio letu hujikwaa, kwa kuwa neno la Kiswahili la silabi mbili, kama "baba" au "mama", huanza na uzito na kuishia na wepesi. Tena sikio letu hungojea vina, na mistari mingi ya tamthilia zake haina vina.

Pili, mshairi huyo, aliyefariki mwaka 1616, huhamisha kitenzi ili mapigo yatimie. Je, washairi wetu hawafanyi hivyo? Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii, na wenzake hufupisha maneno na kuyapanga upya kwa ajili ya mizani. Dawa ni moja: tafuta kitenzi, uliza nani anatenda, kisha rudisha kila neno mahali pake.

Yakabaki maneno "thou" na "thee". Kijana alidhani ni lugha ya watukufu. Sivyo. "Thou" ni "wewe" wa mtu mmoja. Zamani zile mzazi alimwambia hivyo mwanawe, bwana mtumishi wake, na rafiki rafiki yake. Mkubwa aliambiwa "you", umbo la wingi, kwa heshima. Lakini Mungu aliambiwa "thou", na hata leo Sala ya Bwana kwa Kiingereza imehifadhi umbo hilo.

Tukanyamaza kidogo. Kwetu mtoto akimwambia mzee "wewe" hukaripiwa. Sharti aseme baba, mama au babu. Hata hivyo, katika jumuiya zetu ndogondogo twamsemesha Muumba wa mbingu na nchi kwa "wewe" bila woga. Huo si utovu wa adabu, bali ni ukaribu tuliojaliwa na Mwana wake. Tumesali hivyo miaka yote, na ilibidi sarufi ya kigeni itufumbue macho.

Mwalimu Nyerere alikuwa na subira hiyo ya kukaa na neno gumu. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Uzeeni akaziweka Injili katika tenzi, zikachapishwa na Wabenediktini mwaka 1996.

Ndugu zangu, ni mara ngapi tumelifunga Neno la Mungu kwa kuwa sura moja ilitushinda? Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume, sura ya 8, alisoma bila kuelewa, lakini hakukitupa chuo. Alimkaribisha Filipo garini, akakiri kwamba alihitaji mtu wa kumwongoza. Kukiri huko kulimfikisha kwenye maji ya Ubatizo.

Kijana wetu ameondoka na kitabu chake. Hakuahidi kuendelea na somo; aliahidi kusoma ukurasa wa tatu. Nasi tumeahidi kumngoja barazani.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.