Sahani ya Jirani: Safari ya Likasi Siku ya Kazi Mbili



Mwezi wa 12 ukianza, mu nyumba zetu tunaanza kuhesabu. Unga kilo ngapi? Kuku ngapi? Nguo za batoto je? Na pale mfuko ni mtupu, baba anakaa kimya, mama anasema: "Mwaka huu kwetu hakuna Noeli." Ni kwa sababu ya neno hilo ninataka kuwaeleza safari moja fupi. Niliifanya mwezi wa 12 uliopita, siku nyingi mbele ya sikukuu, kwa kumuona mama yangu mzazi ku Likasi.

Nilipanda bisi ku Lubumbashi asubuhi. Kutoka pale mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Njiani tulifuatana na malori ya shaba na kobalti, moja nyuma ya ingine. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha vizuri, majani yote mabichi. Pembeni ya barabara kulikuwa magunia ya makala, mabeseni ya maembe, na mama mmoja aliyeinua bowa kubwa kama mwavuli wa mtoto. Kisha vilima vinatokea, na unajua kama umefika. Mji huu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Una komine 4: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi. Nililala na kuamka kwa sauti ya kiwanda.

Siku hiyo ilikuwa kazi mbili. Sisi watu wa Katanga tunajua kuhesabu hivi: kazi moja, kazi mbili, mpaka kazi tano. Kisha siku ya posho, kwa sababu ndiyo siku wazee wetu waligawiwa chakula na kampuni. Kisha siku ya yenga, siku ya Mungu. Hata majina ya siku zetu yana harufu ya kazi.

Marehemu baba yangu alikuwa akitueleza habari ya Noeli za zamani. Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliondoa Noeli katika siku za kupumzika. Tarehe 25 ya mwezi wa 12 ikawa siku ya kazi kama zingine. Mtu wa posti ya asubuhi aliamka gizani, akavaa kofia yake, akaenda. Lakini baba alisema: "Mangaribi tulirudia, tulinawa, na majirani balikuya. Huyu analeta sombe, ule analeta samaki. Tuliimba mpaka usiku. Serikali iliondoa siku, haikuweza kuondoa furaha." Alicheka kila mara alipofika pale.

Lakini kuna Noeli ingine ambayo baba hakuieleza hata siku moja. Ile niliiona kwa macho yangu.

Mu kambi nyumba yetu na ya jirani zilikuwa na ukuta mmoja. Jirani walikuwa watu wa Kasai. Mama wa kule na mama yangu waliombana chumvi, waliombana moto wa makala kwa kuwasha mbabula. Sahani za chakula zilipita kila siku, na mnajua desturi yetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Sisi batoto hatukujua mwisho wa nyumba yetu na mwanzo wa yao.

Tangu mwezi wa 8 mwaka 1992 mambo yaliharibika. Watu wa Kasai walifukuzwa mu nyumba, na mwaka 1993 ikawa vile vile ku Kolwezi. Maelfu walilala ku stesheni, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wa batoto wao hawakuwa wameiona. Wengi walikufa, kwa magonjwa na kwa njaa. Mama alipika bukari, akanipa sufuria nibebe, tukaenda kuwatafuta majirani zetu kati ya wale watu. Tuliwaona mara mbili. Mara ya tatu hatukuwaona tena.

Noeli ilipofika mwaka ule, kanisa lilifunguliwa, nyimbo ziliimbwa, tulikula. Lakini ngambo ya ukuta kulikuwa kimya. Mama alifungua kabati, akaona sahani yao, nyeupe na mstari wa buluu. Ilikuwa imekuja na sombe siku chache mbele ya matata, na hakupata nafasi ya kuirudisha. Akafunga kabati. Siku ilikuwapo, furaha haikuwapo.

Basi, nilipofika kwa mama ile kazi mbili, nilikuta habari mpya. Mu nyumba ya ngambo ya ukuta kumeingia familia kutoka Kasai, bwana, bibi na batoto wane. Wamekuja kutafuta kazi. Na mu mutaa maneno yalikuwa yameanza, maneno yale yale ya zamani: "Beko banarudia." Nilisikia watu wakisema vile ku bomba la maji. Ndugu zangu, sitawaficha: mimi mchungaji nilisikia, nikanyamaza. Nilijisemea, mimi ni mgeni hapa, kesho ninarudi Lubumbashi.

Mangaribi umeme ulikatika, mvua ikanyesha. Mama alisonga bukari, akapika samaki wa Tshangalele. Kisha akafungua kabati, akatoa ile sahani ya mstari wa buluu. Nikamuuliza: "Mama, ile sahani? Batu batasema nini?"

Akanijibu: "Baseme. Hii sahani iko na deni. Wenyewe siwezi kubaona tena. Hawa njo Mungu amenipa." Akaijaza bukari na samaki, akanitwika miye nipeleke.

Nilipiga hodi na aibu yangu. Yule mama aliniangalia kwa woga kwanza. Aliposikia ni chakula, alishika sahani kwa mikono miwili. Mtoto wake mdogo akauliza: "Mama, leo ni Noeli?"

Baada ya mvua walitoka wote, wakakuja kwetu karibu na mbabula. Jirani wa ngambo ingine alisikia kicheko, naye akaleta kiti. Tuliongea bei ya unga, tuliongea batoto na masomo. Hakuna aliyehubiri, hata mimi. Asubuhi sahani ilirudi, ina maembe matatu ndani.

Mu bisi ya kurudia nilifungua Luka 2. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo niliona kitu. Wale wachungaji wa kondoo hawakuwa kwa sikukuu. Walikuwa ku kazi, posti ya usiku, sawa na baba yangu. Habari ya furaha kubwa iliwakuta pale, na ilikuwa kwa watu wote. Haikungojea wapate nguo mpya.

Wapendwa, Noeli inakuja, na pengine mfuko ni mtupu. Msiseme kwenu hakuna Noeli. Angalieni ngambo ya ukuta. Kuna nani pale? Ametoka wapi? Umekwisha kumpigia hodi? Na pale maneno mabaya yanaanza ku bomba la maji, usinyamaze kama mimi nilivyonyamaza. Methali 27:10 inatufundisha kwamba siku ya taabu jirani wa karibu anafaa kuliko ndugu wa mbali. Basi tusingojee tarehe 25. Tuanze kazi moja, tuanze kazi mbili, kwa sahani moja ya bukari.

Bwana azibariki nyumba zenu, na kuta zote zilizo katikati yake.