Daftari la Mama

Mama alipostaafu uuguzi, alikodi vyumba viwili kando ya mashine ya kusaga mahindi, akatundika ukutani leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Nilidhani kazi ngumu ilikuwa kupata leseni. Wapi! Kazi ilikuwa daftari.

Ni daftari la kawaida la shule. Siku moja alinipa nijumlishe. "Mama Njeri, dripu, atalipa akiuza kabeji." "Kijana wa boda, kushonwa mguu, amelipa nusu." Mwingine hana hata jina: "yule wa usiku." Nikamwambia, kwa ujasiri wa mtu wa mshahara, kwamba hii siyo biashara. Kodi yenyewe ilikuwa imechelewa miezi miwili.

Hakunijibu. Aliingia ndani kumpima dada mmoja mjamzito, akatoka haraka. "Presha iko juu, uso umevimba. Huyu si wa hapa. Tafuta gari."

Nauli ya hadi hospitali ya kaunti nililipa mimi.

Jioni nikafungua daftari. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa wodini: "Mwanangu, nauli, 800. Nitamlipa."

Mpaka leo haijakatwa.